Rivyu ya tuisheni ya Adivansi Math: mdogo wangu alitaka kuhama PCM, nikampeleka huku kwanza

Nianze na bei maana najua ndo mnachotafuta: elfu sitini kwa mwezi kwa somo moja, unalipa mwanzo, mambo ya nusu nusu hawataki. Kituo kipo Dar, maeneo ya Mwenge, ghorofani juu ya maduka, jina silitaji kwa sababu nina ya kusifia na nina ya kulalamikia na sitaki kesi na mtu. Mdogo wangu yupo Form Five PCM (Fizikia, Kemia na Adivansi Math, yani ile Hesabu ya Form Five na Six), shule ya private ya bweni huko mkoani, likizo ya Desemba karudi nyumbani na barua kashaiandika kabisa ya kumuomba mkuu wa shule amhamishie CBG (Kemia, Bailojia, Jiografia), imebaki sahihi ya mzazi tu. Mama akanitupia mimi, "wewe ndo ulisoma Adivansi, kaeni muelewane," haya.

Shida ilikuwa Hesabu tu. Fizikia anaenda nayo, Kemia anaipenda mpaka inakera, ila Adivansi Math kapata 22 mtihani wa kufunga muhula, na huyu ni mtoto aliyetoka Form Four na A ya Hesabu! Alilia simu nzima. Sasa wazazi wengi hapa huwa hatuwaelewi hawa watoto, tunaona tu kaanguka, kumbe mizani yenyewe imebadilishwa. Form Four A inaanzia 75 na C inaanzia 45, ukifika Adivansi A inaanzia 80, C inaanzia 60, ile 45 iliyokuwa C ya heshima sasa ni E, na chini ya 35 ni F moja kwa moja. Halafu silabasi yenyewe ndo hiyo, seti, lojiki, funksheni, aljebra, trigonometria, koordineti jiometri, differentiation, integration, na hapo ni Form Five tu, Form Six wanakusubiri na kompleksi namba na vekta na differential equations. Kwenye mtihani wa taifa wa Necta ni pepa mbili, kila moja masaa matatu. Mtoto aliyezoea kumaliza mtihani nusu saa kabla ya wenzake akikutana na hii lazima ajione mjinga.

Haya, kituo chenyewe. Siku ya kwanza hawafundishi. Wanakupa pepa ya topiki ulizodai umesoma shuleni, unakaa masaa mawili, ticha anasahihisha siku hiyo hiyo. Ila hakupi maksi. Anakurudishia karatasi ina vialama vyekundu pale ulipopotea tu, hajaandika jibu wala nini, anakwambia nenda nayo nyumbani uifanye upya, notsi wazi, muda utakaotaka, masharti yake usimuulize mtu na usiangalie majibu mtandaoni, ulete Jumatatu.

Hapo ndo pesa yangu ilipofanya kazi, mengine yote ningeyapata popote.

Kwa sababu mdogo wangu alikaa na ile karatasi wikiendi nzima mezani, mara anainuka, mara anarudi, ananuna, chai inapoa, Jumatatu ticha kaziweka pepa zote mbili pamoja na mi nipo, ya kwanza ingekuwa ishirini na kitu, ya pili imevuka sitini. Mkono ule ule, maswali yale yale. Akamuonyesha mstari kwa mstari: hapa ulifungua mabano ukasahau kutoa inaingia kwa wote wawili, hapa kalkuleta ilikuwa kwenye digrii na swali linataka radiani, hapa ulianza vizuri ukakata ukaanza upya, ukapoteza dakika kumi bila sababu. Akamwambia mtu anayeweza kujisahihisha mwenyewe mpaka sitini hana haraka ya kuhama, anachokosa ni mazoezi ya saa. Angekuwa amekaa wikiendi nzima na notsi mbele yake bado hajui swali linaanzia wapi, hayo yangekuwa maongezi mengine, na ticha alisema hivyo bila kuzunguka.

Na sio kwamba anamwambia kila mtu abaki, maana hilo ndo nilikuwa nalivizia, si wanataka hela zetu. Kulikuwa na kijana mmoja mbele yetu, kaja na baba yake, PCM pia, ticha anamuuliza unataka kusoma nini chuo, kijana anamuangalia baba yake kwanza, baadae kwa sauti ya chini anasema udaktari. Udaktari na PCM wapi na wapi jamani, Bailojia haipo! Ticha akamgeukia mzee, "Mzee wangu, shikamoo, huyu kijana akiendelea hivi hata akipata A tatu hawezi kwenda huko anakotaka, mpeleke PCB, Fizikia Kemia Bailojia, sasa hivi kabla wenzake hawajamuacha mbali." Mzee kanuna kidogo ila kaondoka na mwanae bila kulipia. Yani kituo kimejinyima elfu sitini papo hapo, nikasema hapa nalipa.

Mambo mengine aliyomueleza mdogo wangu ambayo shuleni naona wanayapita haraka haraka. Kuna watu wanahama PCM kwenda PGM (Fizikia, Jiografia, Hesabu) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) wakidhani wameikimbia Hesabu, wakati M ya mwisho kote huko ni Adivansi ile ile, umebadili majirani tu. Ukitaka kuikimbia kweli ndo unaenda PCB au CBG, na huko nako BAM, ile Hesabu nyepesi (Basic Applied Mathematics), inakusubiri, sema BAM ni somo dogo, haiingii kwenye yale matatu yanayohesabiwa division. Halafu chuo. Uhandisi wanaangalia Fizikia na Adivansi Math, na principal pass, yani ufaulu unaohesabika kuingilia chuo, inaishia E, ukipata S iliyo chini yake haihesabiki. TCU, tume ya vyuo vikuu, kiwango chao cha chini ni principal mbili zenye jumla ya pointi 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Mdogo wangu anataka uhandisi wa umeme tangu darasa la tano, ndo anayefungua redio za watu humu ndani. Akihamia CBG ule umeme anausahau, na kwenye barua yake hilo hakuligusa kabisa.

Kuhusu ufundishaji wenyewe nilikaa darasani kipindi kimoja, nyuma, wakati namsubiri. Ticha kaandika ubaoni integration ya e kipeo x mara sine x. Kawaacha. Darasa zima likapiga by parts mara ya kwanza, ikaja cosine, wakapiga mara ya pili, ikarudi sine, yani swali lile lile walilopewa limetokea tena kwenye jibu, ukaanza kusikia miguno, mmoja akafuta kila kitu. Ticha kimya, anakunywa maji yake. Kuna binti katikati kule akanyoosha mkono anasema ticha si tulihamishe kushoto, yakiwa mawili tugawe kwa mbili, hapo hapo darasa likalipuka "aaaah" hata mimi niliyemaliza zamani nikajikuta natabasamu. Nusu ya e kipeo x, mabano sine x toa cosine x, jumlisha c, basi. Shuleni kwetu tulipewa hiyo kama fomula ya kukariri, hakuna aliyetuonyesha ilipotoka.

Sasa malalamiko, na yapo. Fotokopi hazimo kwenye ile elfu sitini, kila topiki mara mia tano, mara elfu moja, kila siku mtoto anaomba hela ya karatasi, ukijumlisha mwisho wa mwezi unaona kabisa kuna mtu ana mashine pale chini. Wangeiweka kwenye ada tujue moja. Dada wa mapokezi naye anabana, umekuja kulipia Hesabu yeye anakuandikia na Fizikia na Kemia, "dada wengi wanachukua kifurushi," hapana mpendwa, nimesema Hesabu. Kipindi cha mchana msiwapeleke watoto, wanajaa mpaka wanaegemea ukutani, feni ni moja na inazunguka kwa huruma, na kelele za makonda zinapanda mpaka juu. Grupu la WhatsApp halina maana yoyote, picha za ubao zimetumwa usiku hazisomeki, katikati mtu anauza manukato. Na lile bango la mlangoni la kuahidi Division One kwa kila mtu walitoe, haliendani kabisa na yule ticha aliyemrudisha mtoto wa watu nyumbani kwa sababu kombi haikuwa yake. Au hajaambiwa kama lipo? Maana ngazi anapanda kila siku.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja wakaitafute kwenye fotokopi.

Mtaniuliza mdogo wangu kaamuaje. Mama kasaini ile barua. Mimi mwenyewe nilimwambia mama aisaini, nikamwambia mtoto nenda nayo kwenye begi, shuleni kwenu mwisho wa kuhama ni mwisho wa Januari, umeambiwa uirudie ile njia ya pepa mbili kwa topiki mbili zaidi, ukiona ya pili nayo inagoma peleka barua na hakuna atakayekusema nyumbani. Nilitaka aamue akiwa hana presha ya mtu, maana kubaki kwa kuogopa watu watasemaje nako sio kubaki. Januari ikapita hajaipeleka. Jaribio la juzi kapata 41, ambayo ni E, sio ya kupigia vigelegele ila ni principal, na yeye mwenyewe kanipigia kunielezea maswali aliyokosea moja moja mpaka salio la mwenzie likaisha. Swali la kalkuleta kapata lote, mnaolidharau lile, ambalo ndo la kwanza kwenye pepa, shauri yenu.

Kwa wenye vijana wa Form Four wanaosubiri matokeo, kituo wana pre-form five pia, bei ni ile ile, ila mi ningesema msilipie miezi mingi, mlipie mmoja, apige ile pepa ya kwanza na arudie ya nyumbani, mtakuwa na picha ya kutosha kabla TAMISEMI hawajafungua mfumo wa kubadili tahasusi (hizo kombi), maana tangu 2024 tahasusi zimekuwa nyingi na watoto wanachagua kwa kusikia majina. Waombe kipindi cha saa mbili asubuhi na wawahi, viti vya mbele vikijaa ubao hauonekani kwa mwanga wa dirishani. Juni mimi namrudisha, Hesabu peke yake, na yule dada wa mapokezi safari hii namletea hela kamili nimeishika mkononi.