Tathmini ya CPP: tiba ya mzazi mwenye jeraha la utotoni pamoja na mwanawe

Mzazi aliyekulia kwenye kipigo, matusi au kutelekezwa mara nyingi hana upungufu wa mbinu za malezi. Anazijua. Tatizo ni kwamba mtoto akianza kulia, mwili wa mzazi unaganda au unawaka kabla hajakumbuka hata mbinu moja. Kati ya tiba tunazozifahamu, Child-Parent Psychotherapy, yaani CPP, ndiyo inayogusa hapo hasa.

Mizizi yake iko Michigan, Marekani. Mwaka 1975 Selma Fraiberg na wenzake walichapisha makala kuhusu "mizuka" ya utoto wa mzazi, yaani maumivu ya zamani, inayoingia chumbani mwa mwanawe. Walisimulia habari za mama aliyekaa kama hasikii huku kichanga chake kikilia. Hawakumfundisha kubembeleza. Walikisikiliza kwanza kilio cha mama mwenyewe, na alipoweza kuyalilia ya utotoni mwake, akaanza kumkumbatia mtoto. Baadaye Alicia Lieberman na Patricia Van Horn wa San Francisco waliijenga ikawa tiba yenye mwongozo.

Mtoto awe hajatimiza miaka 6. Vikao ni mara moja kwa wiki, saa moja hadi moja na nusu, kwa takriban mwaka. Wiki za mwanzo mzazi huja peke yake: anaulizwa yaliyompata mtoto na yaliyompata yeye, kisha wanapanga na mtaalamu maneno ya kumwambia mtoto sababu ya kuja. Hapa ndipo pa kupima huduma. Mtaalamu anayemwingiza mtoto siku ya kwanza, akatandaza midoli na kusema "tucheze tu", ameruka msingi.

Chumbani kuna wanasesere wa familia, gari la polisi, vyombo vya jikoni, vifaa vya daktari. Tuseme mtoto anabamiza gari ukutani na mama anafoka. Mtaalamu mzuri hamkosoi. Humwambia mtoto, "Mama ameshtuka na kishindo, hajakuchukia." Kisha anamgeukia mama: "Mama, kishindo kama hicho ulikisikia wapi zamani?" Sentensi mbili, kila mmoja amepata yake. Mtaalamu asiye na uzoefu huishia kucheza na mtoto, mzazi akabaki pembeni na simu, akijiona anahukumiwa. Mzazi anaweza kuacha tiba kwa sababu hiyo.

Ushahidi wake ni mzuri. Utafiti wa mwaka 2005 ulihusisha akina mama 75 na watoto wao wadogo walioshuhudia ukatili nyumbani. Baada ya mwaka wa vikao vya kila wiki, watoto waliopata CPP walipungukiwa na dalili za kiwewe na tabia za vurugu kuliko waliopewa huduma za kawaida.

Udhaifu wake ni muda. Mwaka mzima wa kuomba ruhusa kazini kila wiki ni mzigo mzito kwa anayelipwa kwa saa. Mzazi ambaye kumbukumbu humvamia hadi anapoteza fahamu za mahali alipo anahitaji pia tiba yake binafsi sambamba na hii. Na kama ukatili bado unaendelea nyumbani, usalama hutangulia.

Familia za Waswahili walioko Marekani ziombe mkalimani wa kazi hiyo, kamwe asiwe kaka au dada wa mtoto, wala jirani. Siku ya kwanza waulize pia mipaka ya siri: sheria humlazimu mtaalamu kutoa taarifa akishuku mtoto anadhulumiwa, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kufunguka.

Jambo la mwisho la kukagua ni kuagana. Mtoto huambiwa wiki kadhaa kabla, vikao vilivyobaki vikahesabiwa pamoja naye, labda kwa kuchora alama kwenye kalenda. Kwa mzazi ambaye utotoni watu walitoweka bila kwaheri, wiki hizo ni tiba kamili, na kituo kinachofunga faili kwa simu kimemnyima.