Nimempatia wife na mtoto ITIN, ofisi mbili, hela mara mbili: review yangu

Wakuu salama. Nimeona maswali ya ITIN (namba ya kodi ya Marekani) yanajirudia kila msimu wa kodi ukifika huku Marekani nikaona niandike ya kwangu, maana mimi nimelipa mara mbili kwa kitu ambacho IRS wenyewe, yaani mamlaka ya kodi ya huku, wanakitoa bure.

Hali yetu kwanza. Mimi nina viza ya kazi ya H1B, wife na binti yetu wa miaka minne wamekuja Machi 2024 kwa H4, viza ya familia ya mwenye H1B. Wife hana kibali cha kazi kwa hiyo SSN, namba ya hifadhi ya jamii ya huku, hapewi, mtoto naye hivyo hivyo. Sasa ukitaka kuwaweka kwenye ritani yako lazima kila mmoja awe na namba, na kwa mtu asiyestahili SSN namba yenyewe ndiyo ITIN. Usiifananishe na TIN ya TRA ambayo kila mtu anachukua hata akitaka leseni ya gari tu, hii ni ya kodi na kodi tu. Ina tarakimu tisa kama SSN ila inaanza na 9. Haikupi kibali cha kazi, haibadilishi viza. Wife siku ya kwanza aliniuliza "kwa hiyo nikiipata naweza kuanza kazi?" nikamwambia hapana mama Zuri, akanuna mpaka usiku.

Faida yake kwetu ilikuwa hivi, kwa mwaka wa kodi 2024 mtu wa kufaili peke yake dola 14,600 za kipato chake hazihesabiwi kodi, mke na mume wakifaili pamoja ni 29,200. Hiyo tofauti si ndogo jamani. Na mtoto mwenye ITIN anakuletea punguzo la kodi la dola 500.

Ofisi ya kwanza sitaitaja. Iko kwenye plaza moja karibu na duka la nguo, bango kubwa "TAXES - ITIN", mwezi wa pili watu wamejaa, nikaona hapa ndipo. Jamaa akataka dola 150 kwa kila kichwa, 300 nikatoa. Akapiga fotokopi pasipoti zote mbili, akamwita notari wa hapo hapo akagonga muhuri, akasema tayari. Akaniambia na mtoto nitapata dola elfu mbili. Mimi nikatoka pale natembea kifua mbele.

Mwezi wa tano barua ikaja, imekataliwa. Kopi iliyogongwa muhuri na notari IRS hawaitaki kabisa, wanataka pasipoti yenyewe au kopi iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa pasipoti. Na zile elfu mbili kwa mwaka huo wa 2024 zilikuwa za mtoto mwenye SSN, wa ITIN ni hizo 500 tu. Nikarudi kwa jamaa, bango bado lipo ila mlango umefungwa, kumbe ni ofisi ya msimu, Aprili ikiisha na yeye kaisha. 300 zangu nimezisamehe kwa lazima.

Sasa ya pili ndiyo hasa nataka kuisifu. Sikutaka kutuma pasipoti Texas kwa posta, maana ritani na fomu ya W-7, ile ya kuombea ITIN, zinaenda Austin, na pasipoti ikikaa huko wiki kadhaa halafu upate msiba nyumbani unasafiri na nini? Njia ya bure ya kukwepa hilo ipo, kuna ofisi za IRS zenyewe unaweka miadi wanaikagua pasipoti mbele yako wanakurudishia pale pale, sema ya kwangu inanitaka niendeshe gari masaa mawili na si kila ofisi inafanya hiyo kazi. Nyingine ni kutafuta ajenti aliyeidhinishwa na IRS, huku wanamwita CAA kwa kifupi, orodha yao iko kwenye tovuti ya IRS kwa kila jimbo. Mshikaji wa kanisani akanielekeza kwa mama mmoja Mkenya ambaye anafanyia kazi chumba cha chini nyumbani kwake, nikamhakiki kwenye orodha nikamkuta.

Tumefika, sisi Wabongo tukamwamkia shikamoo, akacheka kwanza ndio akajibu. Kwake dola 100 kwa mtu. Akatoa pasipoti ya wife, akaisoma jina kwa jina, kidole kinatembea, halafu akachukua ile fomu ya jamaa wa plaza. "Mama Zuri, huyu alikuandika jina la mzee. Hata kama kopi zingekubaliwa, hapa pia ungekwama." Ni kweli, pasipoti ya wife ina jina la baba yake kama wanawake wengi wa kwetu, jamaa akambandika ukoo wangu bila kuuliza na mimi nikasaini sijasoma. Hapo nilijisikia mjinga kuliko kwenye zile 300.

Ya mtoto ndiyo ilikuwa na kazi. Akaifunua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akarudia, akasema haina stempu ya kuingia. Siku hizi airport wanakupiga picha unapita, muhuri hawagongi kwa kila mtu, na sisi tuliona ndio maendeleo. Kumbe pasipoti ya mtoto tegemezi isiyo na tarehe ya kuingia Marekani haitoshi peke yake, lazima uongeze ushahidi kwamba anaishi huku. Mtoto chini ya miaka sita inakubalika rekodi ya hospitali ya hapa Marekani, aliyevuka hapo wanataka ya shule. Tukaenda kliniki anakochomwa chanjo, wakatuprintia karatasi, tukampelekea mama, akaiangalia sekunde kumi akaturudisha. Haikuwa na anwani ya nyumbani. Wife akataka kulia. Tumerudi kliniki, wakatoa nyingine yenye jina la mtoto, anwani yetu, tarehe zote za chanjo na jina la daktari na simu yake. Hiyo ikaenda orijino kwenye bahasha, kwa sababu kwa mtoto ajenti anaruhusiwa kuthibitisha pasipoti na cheti cha kuzaliwa tu, rekodi ya hospitali haimo. Pasipoti zote mbili tukaondoka nazo mkononi siku hiyo hiyo.

Akajaza W-7 mpya mbili na 1040-X kurekebisha ritani ya mwanzo, akaambatanisha na cheti chake cha uthibitisho. Akatuonya tuhesabu wiki saba, na kwamba tungekuja kati ya katikati ya Januari na mwisho wa Aprili ni wiki tisa mpaka kumi na moja. Barua mbili za CP565 zikaingia wiki ya nane, ITIN ya wife na ya Zuri. Hela ya kurudishiwa imechelewa zaidi ila imekuja.

Alituambia pia kitu ambacho jamaa wa plaza hakugusa, namba isipotumika kwenye ritani miaka mitatu mfululizo inakufa Desemba 31 ya mwaka wa tatu, na siku wife akipata SSN tuache kutumia ITIN tuwaandikie IRS waunganishe kumbukumbu, tusiwe na namba mbili.

Nampa nyota nne. Simu hapokei, yaani hapokei kabisa, mtumie WhatsApp atajibu saa tano usiku. Kadi hachukui, ni keshi au Zelle (ya kutumiana hela benki kwa benki kwa simu). Paking ni barabarani na majirani wana roho mbaya. Ila risiti anatoa na kopi ya kila kitu anakupa kwenye bahasha.

Ukienda na mtoto, fungua pasipoti yake leo utafute huo muhuri kabla hujamlipa mtu yeyote.