Genesis ya Gabriel au ya Collins?
Mashabiki wa Genesis, bendi ya roki ya Uingereza, hawamalizi ubishi huu. Ya Peter Gabriel, mwimbaji wao wa kwanza, ni bendi ya hadithi ndefu: wimbo "Supper's Ready" wa 1972 unachukua dakika kama 23, na mwaka huohuo alipanda jukwaani Dublin na gauni jekundu la mkewe, kichwani kavaa kichwa cha mbweha. Alipoondoka 1975, maiki ikamwangukia mpiga ngoma wao, Phil Collins. Mwanzoni muziki haukubadilika sana, maana gitaa la Steve Hackett lilikuwa bado lipo. Hackett naye akatoka 1977, wakabaki watatu, nyimbo zikafupika, na 1986 "Invisible Touch" ikashika namba moja Marekani. Kwa kucheza harusini, Collins, sibishi. Usiku na spika nzuri? Nipeni mbweha.