Tairi la baiskeli la 35-622 (upana milimita 35, rimu ya kipenyo cha milimita 622) kwenye fremu nyembamba, kwa barabara za Goma

Kwenye mawe ya lava, tairi hili ni zuri mno: linameza mitikisiko na kushika vizuri. Shida ni nafasi. Pima kati ya mabomba ya nyuma karibu na pedali, chini ya daraja la breki (kipande kinachounganisha mabomba juu ya tairi la nyuma) na ndani ya uma wa mbele. Nafasi ya milimita 4 kila upande ndiyo ya chini kabisa; kwa Goma tunadai 6, kwani kokoto likinasa hukwangua rangi, kisha bomba lenyewe.

Usiamini namba ya ubavuni, rimu pana hulitanua. Lijaze upepo, lilale usiku, upime tena. Spoku zikilegea, litagusa fremu kwenye kona. Madigadi yakibana, yaondoe. Kupunguza upepo ili lipite huleta pancha tu. Fremu ya tairi la milimita 28? Chukua la 32, nalo ulipime.