Chapa ya kabuki ya 1854: karatasi safi, fremu mbovu

Chapa hii ya mbao ya Kijapani, yaani picha iliyochapwa kwa ubao wa kuchonga, inaonyesha mwigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani. Inauzwa shilingi 650,000 katika duka moja la vitu vya kale katikati ya jiji la Mwanza. Ni halisi. Mwombe muuzaji aitoe kwenye fremu, uigeuze: rangi zimepenya hadi mgongoni, na michirizi ya duara ya kisuguo cha mkono, baren, bado inaonekana. Ukitumia lenzi ya kukuza mara 10, weusi wa nywele umejaa sawasawa. Nakala ya mashine ingetoa vitone.

Saini ni Toyokuni, yaani msanii Utagawa Kunisada (1786–1865), aliyerithi jina la mwalimu wake mwaka 1844. Kati ya mihuri miwili midogo, mmoja ni wa mkaguzi, mwingine unataja mwaka wa simbamarara, mmoja wa wanyama 12 wa kalenda ya Kijapani: 1854.

Mwigizaji ameganda katika mie, mkao wa kishindo wa kabuki: macho yamekodolewa, usoni michirizi myekundu ya shujaa. Mkono wa vazi una miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, nembo ya ukoo wa waigizaji wa Ichikawa. Muuzaji anaapa kuwa ni Danjūrō wa 8, nyota wa ukoo huo. Huenda, ila nembo hiyo huvaliwa na ukoo mzima na wanafunzi wao, na kisanduku cha maandishi kinataja mhusika tu. Baada ya serikali kukataza picha za waigizaji mwaka 1842, wachapishaji waliacha kuandika majina ya waigizaji kwa miaka mingi.

Sasa tazama ukingo wa kushoto: ncha ya upanga imekatika. Haikuchanika, inaendelea kwenye karatasi ya jirani, maana hii ni moja kati ya tatu. Isitoshe, imepunguzwa hadi sm 35 kwa 24, wakati saizi hii huwa kama 37 kwa 25. Ni kanga iliyokatwa pindo. Na chapa za Kunisada si adimu. Shilingi 300,000 zinatosha.

Fremu itupwe. Kioo kimegusa karatasi, hivyo unyevu wa ziwa ukiganda hapo huleta ukungu. Nyuma kuna hadibodi na selotepu, ambavyo huacha madoa ya kahawia. Usiibandue selotepu kwa nguvu, itaondoka na nyuzi. Fundi aweke kadi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha, kati ya kioo na picha, kisha aishike picha kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani, ukingo wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano. Nyumba za Capri Point zina madirisha mazuri ya kuangalia ziwa. Isitundikwe mkabala nayo: mwanga hufifisha rangi, na zambarau tayari imefifia.