Liva ya gia ya kiwandani: fimbo au kebo?

Ukitoa giaboksi otomatiki ya GM ya TH350 (gia 3) ukafunga 700R4 (gia 4), liva ya zamani inabaki na nafasi 6 wakati giaboksi inataka 7. Ukiibakiza liva ya kiwandani, iunganishe na giaboksi kwa fimbo au kebo. Fimbo ni imara na fundi yeyote huichonga, ila ikikutana na bomba la moshi utaikunja mpaka uchoke. Kebo hupita popote, mradi isipindwe sana wala kukaribia joto. Mimi kebo. Kwa vyovyote, anza kufunga liva na giaboksi zote zikiwa P (kuegesha). Ukisikia “tak” ya giaboksi kabla liva haijafika R (kurudi nyuma), hamisha pini kwenye tundu la mkono wa giaboksi lililo mbali na shafti yake. La karibu huzidisha mzunguko. Halafu jaribu: injini ikubali kuwashwa kwenye P na N (huru) tu.