Uzoefu wangu: gereji iliyofungua na kuunda upya injini yangu ya V8 yenye supachaja

Huduma ninayoieleza hapa ni ya gereji inayoshughulika na injini kubwa za Kimarekani, na kazi niliyoipeleka kwao ilikuwa injini ya V8 ya lita 6.2 yenye supachaja ambayo ilianza kugonga mapema kuliko ilivyotarajiwa. Ufundi wao ni wa hali ya juu, mawasiliano yao ni dhaifu, na kilichoiokoa injini ni msimamo wao wa kutafuta chanzo cha hitilafu kabla ya kuagiza spea yoyote. Jina la gereji silitaji, wala la kampuni iliyounda gari, kwa sababu hitilafu yenyewe imekwisha kuonekana katika injini za zaidi ya kampuni moja.

Asiyeyafahamu magari haya aanze na tarakimu. Dodge Challenger SRT Hellcat ya modeli ya mwaka 2015 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 707, Camaro ZL1 ya mwaka 2017 ilikuwa na 650, na Mustang Shelby GT500 ya mwaka 2020 ikafika 760. Zote tatu huupata uwezo huo kwa supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) na kuisukuma hewa ndani ya silinda kwa shinikizo. Katika Hellcat shinikizo hilo hufikia takriban psi 11.6 (pauni kwa kila inchi ya mraba). Hewa inayoshindiliwa hivyo hupata joto kali, hivyo kuna intakula, yaani kipozea hewa, inayotumia mzunguko wake wa maji, wenye pampu ya umeme, mbali kabisa na ule wa rejeta ya injini. Mafuta nayo yasipokuwa na oktani (kipimo cha uwezo wa mafuta kutolipuka ovyo) ya kutosha, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na kuzipiga pistoni kwa nguvu ambayo hazikuundwa kuihimili. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba injini ya namna hii imeharibika, mawazo yake hukimbilia supachaja au pistoni, na ndivyo ilivyotokea kwa fundi wa kwanza aliyelitazama gari langu.

Dalili ilikuwa mlio mkavu wa kugonga uliosikika injini ikiwa baridi na ukaendelea hata oili ilipokwisha kupata joto, na baadaye silinda moja ikawa inakosa moto mara kwa mara. Fundi yule alisikiliza, akaona sauti inatoka juu ya injini, akapendekeza supachaja nzima ibadilishwe. Nilikataa, kwa kuwa sauti ya juu ya injini inaweza kuwa ya vitu vingi.

Gereji ninayoisifu ilianza kwa jambo rahisi kabisa. Mkanda wa supachaja, ambao katika gari hili ni wa peke yake, ulivuliwa, kisha injini ikawashwa kwa muda mfupi bila supachaja kuzunguka. Mlio ulibaki vilevile, na supachaja ikawa imeondolewa lawama bila kufungua nati hata moja. Fundi akanionyesha pia kwamba mlio ule ulikuwa unakwenda kwa nusu ya kasi ya krenki, na kamshafti, mhimili unaofungua valvu, ndiyo inayozunguka kwa nusu ya kasi hiyo, kwa hiyo tatizo lilielekea kuwa katika mfumo wa valvu. Beringi ya krenki iliyokufa hugonga kwa kasi ya krenki yenyewe, na sauti yake ni nzito zaidi.

Kisha filta ya oili ilikatwa na karatasi yake kutandazwa mezani. Ilikuwa na chembe zinazong'aa, nyingi zikinaswa na sumaku, maana yake ni chuma. Sampuli ya oili ilipelekwa maabara, na majibu yalikuwa na maelezo mengi kuliko nilivyodhani karatasi moja inaweza kubeba: chuma kilikuwa juu sana, lakini risasi na shaba, ambazo hutoka kwenye beringi, zilikuwa katika hali ya kawaida, alumini, ambayo ingeashiria pistoni kusagika, haikuwa imepanda, na potasiamu haikuwepo, kwa hiyo maji ya kupozea hayakuwa yamevuja kuingia kwenye oili. Kabla ya kufungua chochote tulikuwa tayari tunajua kinachokufa na kisichokufa. Hapa ndipo nilipoamua kazi yote waifanye wao.

Silinda hedi zilipotolewa, tapeti moja, yaani kifaa kinachopokea msukumo wa kamshafti na kuufikisha kwenye valvu, ilikuwa imekwama. Tapeti za injini hii zina gurudumu dogo linalobingirika juu ya kamshafti, na ndani ya gurudumu hilo kuna beringi ya sindano nyembamba. Sindano zikiharibika, gurudumu huacha kubingirika na kuanza kuburuzwa, na kinachofuata ni kuliwa kwa kamshafti yenyewe. Kilele cha kamshafti mahali pale kilikuwa kimekwisha mithili ya sabuni ya mche iliyotumika kufulia hadi ikabaki kipande, na ndiyo sababu valvu ya silinda ile haikuwa ikifunguka vya kutosha.

Angekuwa fundi mwenye haraka, angebadilisha tapeti ile na kamshafti, akafunga injini na kunikabidhi ufunguo. Hawa walibadilisha tapeti zote 16, na sababu waliyonipa inafaa kufahamika na kila mwenye injini ya aina hii. Unga wa chuma hushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, pamoja na oili, kutoka huko huvutwa na pampu, na pampu iko kabla ya filta. Hivyo kifaa cha kwanza kukwaruzwa ni pampu yenyewe. Filta hukamata sehemu kubwa ya uchafu, lakini oili ikiwa nzito kwa baridi, au filta ikiziba, valvu ya dharura hufunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa, maana injini kukosa oili ni hatari zaidi kuliko kupata oili chafu. Oili hiyo ndiyo inayofika kwenye beringi za krenki, kwenye tapeti nyingine na kwenye vijitundu vinavyorushia oili chini ya pistoni ili kuzipoza. Pampu ilibadilishwa, vijitundu vilikaguliwa kimoja kimoja, na beringi za krenki zikabadilishwa zote ingawa majibu ya maabara hayakuzilaumu. Zilipotolewa zilikuwa na mikwaruzo myepesi iliyoanza. Pistoni zilipimwa na kurudishwa, kwa kuwa vipimo vyake havikuwa na kasoro.

Kifaa kilichonifanya niwaheshimu zaidi ni kipozea oili. Ndani yake kuna njia nyembamba zilizojikunja, na chuma kikikwama humo hakuna kuosha kunakoweza kukuhakikishia kwamba kimetoka chote. Walikitupa na kuweka kipya, na hilo waliliandika kwenye makadirio tangu mwanzo badala ya kunishtukiza nalo mwishoni. Nimesikia habari za injini nyingi zilizoundwa upya na kufa tena muda si mrefu, na nadhani kipozea cha zamani kina mkono katika vifo vingi vya namna hiyo.

Supachaja ina oili yake yenyewe isiyochanganyika na ya injini, kwa hiyo uchafu ule haukuifikia. Waliikagua, wakabadilisha oili yake, na wakaiosha intakula, ambayo mapezi yake yalikuwa yamefunikwa na utando wa oili unaotokana na mvuke wa injini. Maji ya mzunguko wa intakula yaliingizwa kwa kuvuta hewa yote kwanza, kwa sababu kiputo kikibaki ndani pampu ya umeme huzunguka bila kusukuma kitu, joto la hewa hupanda, kompyuta nayo hurudisha nyuma wakati wa cheche ili kuilinda injini, na dereva hubaki akijiuliza nguvu zimekwenda wapi.

Sasa malalamiko. Muda waliouahidi ulipita na hakuna aliyenipigia simu. Kila habari niliipata kwa kuuliza. Picha za injini ikiwa wazi zilikuwepo, lakini zilinifikia baada ya kudai. Ankara ilitaja vifaa kwa majina bila namba zake, jambo lisilokubalika katika kazi ya ukubwa huu, kwani mwenye gari anapaswa kujua ni tapeti gani hasa iliyomo ndani ya injini yake. Gari pia lilirudi likikosa vibanio viwili vya kifuniko cha chini. Ni kasoro ndogo, lakini humfanya mtu ajiulize ni nini kingine kilichosahaulika.

Maelekezo ya kuizoesha injini yalikuwa mazuri: mwendo wa kubadilika-badilika bila kukanyaga mafuta hadi mwisho, kisha oili na filta kubadilishwa mapema ili mabaki ya kwanza ya msuguano yatoke. Nimeendelea kubadilisha oili katika nusu ya umbali unaoruhusiwa na kitabu, kwa daraja lilelile lililoelekezwa, na sampuli huenda maabara kila mara. Siiachi injini ikiunguruma gari limesimama kwa muda mrefu, kwa kuwa katika muundo huu kamshafti hutegemea sana oili inayorushwa na krenki, na krenki ikienda polepole hurusha kidogo. Kabla ya kulikimbiza gari natazama kipimo cha joto la oili, si cha maji, kwa sababu maji hupata joto mapema na kudanganya. Natumia mafuta ya oktani 91 kwa kipimo cha Marekani, ambayo ni takriban 95 au 96 kwa kipimo cha RON kinachotumika katika nchi nyingi nyingine, na kamwe siyashushi.

Niliwauliza pia kuhusu puli ndogo ya supachaja, ambayo huizungusha kwa kasi zaidi na kuongeza shinikizo. Walikataa kuiweka bila kuongeza uwezo wa mfumo wa mafuta na kupanga upya kompyuta, ingawa ilikuwa kazi rahisi ya kujipatia fedha. Dhamana waliyonipa ina sharti hilohilo kwa maandishi: inabaki hai mradi puli ya kiwanda isibadilishwe na majibu ya maabara ya kila badiliko la oili yaonyeshwe. Nimeitia saini, na majibu ya karibuni yanaonyesha chuma kikishuka kutoka sampuli moja hadi nyingine.